Boti ya tanga ya kuvuta kwa trela: mkuku wa chuma au tangi la maji?

Msomaji mmoja ameniandikia swali refu, nalifupisha. Ana gari ambayo kitabu chake kinasema mwisho wa kuvuta ni kilo 1,500. Ana mke na watoto wawili, mmoja miaka 8 mwingine 11, na wanataka boti ndogo ya tanga yenye chumba cha kulala, ile ya kupakia kwenye trela, waishushe majini Ijumaa wazunguke nayo siku tatu nne, wakimaliza waipandishe warudi nayo nyumbani. Ameona mbili zilizotumika. Ya kwanza ina mita 6.5, mkuku wake, yaani ule uti unaoshuka chini ya boti, ni chuma cha kusubu unaokunjwa juu kwa waya na winchi. Ya pili ina mita 7 na ushee, chini haina chuma, ina tangi la maji chini ya sakafu na ndo farumi yake, yaani uzito wa kuifanya isimame. Anauliza: "Mtaalamu nichukue ipi, na hivi vitu vya chini vinatofautiana nini hasa, manake kila muuzaji anaiponda boti ya mwenzake?"

Mkuu, jibu nakupa mwanzo kabisa usije ukasoma mpaka chini unatafuta. Kwa gari uliyonayo chukua ya tangi la maji, ila uwe mtu wa kujaza tangi kila safari bila kuruka hata siku moja, na hilo nitalieleza. Ungekuwa na gari ya kuvuta kilo 2,500 ningekuambia ya chuma na maneno yangeishia hapo. Mimi binafsi nikiwa majini napenda mkuku wa chuma, lakini boti yako itaanza kazi barabarani kabla haijafika majini, na barabarani uzito ndo unaamua.

Tupige hesabu ya uzito kwanza, manake hapo ndo watu wengi wanajidanganya. Ile namba ya kwenye karatasi ya boti ni boti tupu. Chukua mfano wa Catalina 22, boti iliyochorwa na Frank Butler kule Marekani ikaanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960, zimetoka zaidi ya 15,000 na ndo boti ambayo ukizungumzia mkuku wa kukunja kila mtu anaielewa. Ile ya mkuku wa kukunja ina kilo kama 1,020. Sasa weka trela kilo 350, injini ya nyuma kilo 27, betri 20, nanga na mnyororo wake 15, maji ya kunywa lita 40 ambazo ni kilo 40, petroli kilo 15, magodoro na matanga ya ziada na kamba tuseme 40, halafu sufuria, jiko, nguo, maboya ya kuvaa ya watu wanne, 60 hizo na nimekuhurumia. Jumla inafika kilo 1,587. Umeshapita mwisho wa gari yako na hujaweka hata begi moja la watoto. Ukichukua boti ya tangi la maji ya saizi uliyoiona, nyingi zikiwa tupu zinakaa karibu kilo 750, na trela yake nyepesi kidogo tuseme 300, ukiongeza vitu vilevile unapata kama 1,267. Umebakiwa na zaidi ya kilo 200 za kupumulia, na kwenye mlima au ukifunga breki ghafla hizo kilo 200 utaziona kazi yake.

Hizo namba usizichukue kama za boti zako, ni za kukuonyesha tu hesabu inavyokwenda. Wewe ukiwa serious na boti ipeleke kwenye mizani ikiwa juu ya trela na vitu vyake ndani, upime jumla, halafu upime peke yake uzito unaokalia ndoano ya gari. Ule wa kwenye ndoano uwe kama asilimia 7 mpaka 10 ya jumla, na usizidi ule ulioandikwa kwenye gari na kwenye ndoano yenyewe. Ukiwa mdogo sana trela inaanza kutikisa mkia barabarani, inakupeleka kushoto kulia, na ikishashika kasi hiyo kuirudisha ni kazi kweli.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, hivi vitu vya chini. Boti ya tanga inasukumwa na upepo kwa pembeni kwa hiyo inahitaji mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya. La kwanza ni kitu cha kuzuia isiteleze kwa ubavu, yaani bapa linaloingia chini ya maji lishike. La pili ni uzito wa kuirudisha isimame pale upepo unapoilaza, hiyo ndo farumi. Kwenye boti kubwa ya bandarini mkuku mmoja mzito wa kudumu unafanya kazi zote mbili, unashuka mita moja na nusu au mbili chini na hamna tatizo. Ila boti yenye mkuku wa namna hiyo huwezi kuiweka kwenye trela ya kawaida, itakaa juu kama ghorofa, na kwenye mteremko wa kushushia boti, gari lako litazama kabla boti haijaelea. Kwa hiyo kila mchoraji wa boti ya trela anapambana na swali hilohilo, nitapata wapi kina nikiwa majini na nikipoteze nikiwa barabarani. Vingine vyote unavyoviona kwenye boti hizi, chumba, mlingoti, usukani, vinafuata jibu alilolichagua hapo.

Mkuku wa kukunja unajibu hivi: chuma kizito, kwenye ile Catalina 22 ni kama kilo 250, kinaning'inia kwenye pini moja kubwa na kinazunguka kama kisu cha kukunja. Ukikishusha boti inakula maji mita moja na nusu, ukikikunja inakula sentimita 60 tu. Uzito uko chini kabisa, unafanya kazi kuanzia nyuzi ya kwanza boti inapoanza kulala, na kwenye mkono unasikia kabisa boti ni nzito imetulia, inapasua wimbi haichezicheza. Kubisha upepo, yaani kwenda kuelekea unakotoka upepo, inabisha vizuri. Ndo maana naipenda.

Tangi la maji linajibu kwa njia nyingine, na hapa sikiliza vizuri mkuu manake ndo penye ubishi wote. Maji ndani ya maji hayana uzito wowote wa kukusaidia. Boti ikiwa imesimama wima, yale maji ya kwenye tangi yako chini ya usawa wa maji ya nje, kwa hiyo ni kama hayapo, yameifanya tu boti ikae chini kidogo na iwe nzito kusukumika. Boti ikianza kulala, upande mmoja wa tangi unapanda juu, unafika usawa wa maji ya nje na kupita, na pale sasa yale maji yanakuwa mzigo ulioinuliwa hewani unaotaka kurudi chini. Hapo ndo farumi inaanza kazi. Matokeo yake boti ya tangi la maji inalala haraka nyuzi 10, 15 za mwanzo, mtu aliyezoea chuma anashtuka, halafu inakaza inakataa kuendelea. Sio ugonjwa, ndo ilivyochorwa. Watoto waambie mapema ili wasiogope, na wewe zoea kukaa upande wa joshi, upande unaotoka upepo, miili yenu wanne ni farumi pia.

Kingine madini ya risasi yana uzito wa mara 11 ya maji na chuma cha kusubu mara 7, kwa hiyo ili upate nguvu inayokaribia ya chuma unahitaji maji mengi sana. Boti za MacGregor 26, ambazo ndo zimeufanya mtindo huu ujulikane, zinabeba zaidi ya kilo 500 za maji. Hizo kilo 500 huzivuti barabarani, na hapo ndo uzuri wote ulipo. Unashusha boti, unafungua vali nyuma na kizibo cha hewa mbele, maji yanaingia yenyewe dakika chache, unafunga. Ukirudi, unaipandisha boti kwenye mteremko vali ikiwa wazi, omo (mbele ya boti) iko juu shetri (nyuma) iko chini, maji yanatoka yenyewe. Usiondoke hapo mpaka yameisha, manake hizo kilo 500 gari yako haikuzipigia hesabu.

Sasa lile sharti. Tangi liwe limejaa kabisa au liwe tupu kabisa, basi, na tupu ni kwa boti iliyo juu ya trela au inayosogea taratibu karibu na gati. Tangi la nusu ni baya kuliko unavyofikiria, manake boti ikilala maji yanakimbilia upande uleule ulioinama na badala ya kuirudisha yanaisaidia kupinduka. Na boti ya aina hii ikiwa na tangi tupu na watu wengi juu ya sitaha haina kitu cha kuishika. Tarehe 4 Julai 2002, kwenye ziwa Champlain huko Marekani, boti ya mtindo huu ilipinduka ikiwa na watu 11 na tangi likiwa halijajazwa, watoto wawili waliokuwa ndani ya chumba wakafa. Sikuandikii hivi kukutisha usinunue. Nakuandikia kwa sababu una watoto wa miaka 8 na 11, na kazi ya kuwalinda hapo ni ya dakika chache tu na kidole kimoja. Namna ya kuangalia ni hii: usitegemee muda, usiseme nimeshaacha dakika kumi litakuwa limejaa. Fungua kile kizibo cha hewa cha mbele, ingiza kidole chako. Kama hujagusa maji juu kabisa halijajaa. Ukigusa maji, funga kizibo, nenda nyuma funga vali, rudi umwambie mkeo kwa sauti "tangi limejaa". Iwe desturi yenu, mtu mmoja anagusa mwingine anasikia.

Kuna njia nyingine za chini nazitaja haraka ujue zipo. Kuna mkuku mfupi wa kudumu kama wa Com-Pac 16, hauna cha kuvunjika wala waya wa kukatika, ila kubisha upepo unabisha kivivu na kushusha kwenye trela unahitaji maji mengi. Kuna mikuku miwili pembeni, ile boti maji yakipwa inakaa wima yenyewe kwenye mchanga kama meza, raha sana kwa sehemu zenye kupwa na kujaa kwingi. Mwingereza Shane Acton alizunguka dunia na boti ya namna hiyo ya futi 18, kati ya 1972 na 1980, lakini wewe usitoke na familia ukafanye hivyo, yule alikuwa na miaka nane ya kusubiri hali ya hewa. Na kuna ubao wa chuma unaopanda na kushuka wima kama droo, West Wight Potter 19 wanao huo, boti nyepesi na nzuri lakini kwa watu wanne siku nne mtagombana, ni ndogo.

Ile ya mkuku wa kukunja kama bado moyo wako uko huko, au ukibadilisha gari baadaye, vitu vya kuangalia viko vinne na vyote viko chini usipoviona. Waya wa kuinulia, pini, tundu la pini, na bolti ya kufungia mkuku usirudi juu. Waya ukikatika mkuku ukiwa juu, zile kilo 250 zinashuka kwa kishindo na zinaweza kuipasua boti pale zinapogonga, kwa hiyo waya unabadilishwa kabla haujachakaa na sio baada. Boti ikiwa imening'inizwa, shika ncha ya mkuku itikise kushoto kulia. Ikicheza kidogo ni kawaida, ikigonga "ko ko" ujue tundu limekuwa yai, manake pini na chuma vimekaa kwenye maji ya chumvi vinalana. Waya wa mkuku kuvuma ukiwa unakimbia sio ubovu, wengi wanashtuka wakisikia ile sauti, ni maji tu yanapita kwenye waya. Bolti ya kufungia ikaze ukiwa kwenye maji mengi, boti ikilazwa sana mkuku usikunjike ndani ukakuacha bila farumi. Ila ukiingia sehemu ya kina kifupi ilegeze, ili mkuku ukigusa chini upande wenyewe badala ya kuvunja kitu.

Chumba sasa. Najua mkeo ataangalia chumba na ana haki, ndo atalala humo. Lakini usidanganywe na urefu wa dari. Upana wa boti ya trela umefungwa na sheria za barabara, nchi nyingi zinaishia kwenye mita 2.5 na kidogo, Marekani kwa mfano ni futi 8 na nusu. Mchoraji hawezi kuongeza upana, kwa hiyo akitaka watu wasimame ndani anainua kuta za boti juu. Kuta ndefu zinashika upepo kama tanga ambalo huwezi kulikunja, kwenye gati inakusukuma, ukitia nanga inazunguka usiku kucha, na uzito wote unapanda juu. Kwa boti ya mita 6 au 7 kimo cha kukaa umenyoosha mgongo kinatosha kabisa, kaa kwenye kitanda uone kama kichwa kinagusa. Ukitaka kusimama tafuta yenye paa la kuinuka, unaliinua ukiwa umetia nanga unavaa suruali vizuri, ukianza safari unalishusha unalifunga. Lala kwenye kila kitanda, sio ukikague kwa macho, lala kabisa miguu yote ndani, manake vitanda vya omo vingi vinakuwa vyembamba miguuni watu wazima wawili wanapigana mateke. Watoto wako watalala pale vizuri miaka kama mitatu hivi.

Kitu ambacho wauzaji hawakitaji na ndo kinaamua kama boti itatumika au itaota majani uani ni mlingoti. Mlingoti wa boti hizi una mita 7 au 8, sio mzito sana, kama kilo 20 na kitu, lakini ni mrefu na unataka kwenda pembeni. Unasimamishwa kwenye bawaba iliyoko kwenye paa la chumba. Sasa angalia hapa kwa makini: zile waya mbili za pembeni zinazouzuia mlingoti, pale zinapofungwa kwenye boti, zipo usawa mmoja na ile bawaba au ziko chini na nyuma yake? Kama ziko usawa mmoja, mlingoti unapanda waya zikiwa zimekaza muda wote na hauendi pembeni. Kama haziko usawa, mlingoti ukiwa nusu njia waya zinalegea, na hapo ndo unayumba unamwangukia mtu au unang'oa bawaba. Boti nyingi ziko hivyo, haimaanishi ni mbovu, inamaanisha unahitaji waya mbili ndogo za muda za kushikilia pembeni, pamoja na mti mfupi wa kusimama mbele ya mlingoti ili kamba ivute kwa pembe nzuri. Ukiwa na hivyo mtu mmoja anausimamisha peke yake kwa winchi ya mkono. Mwambie muuzaji ausimamishe mbele yako. Usimsaidie, kaa pembeni na saa. Ikimchukua saa moja na nusu na majirani wawili, na wewe itakuchukua hivyo hivyo, na Ijumaa jioni watoto wamechoka utaghairi safari.

Kwenye kazi hiyo kuna kitu kidogo kimoja ambacho kimeangusha milingoti mingi. Zile skrubu za kukazia waya, chini pale zinapoungana na sitaha, mlingoti ukiwa umelala zinalala nazo. Ukianza kuvuta, moja inaweza kukwama imesimama vibaya, waya unaivuta na inapinda. Hupati habari, mlingoti umesimama vizuri, ila ule uzi wa skrubu umeshapata mpasuko mwembamba kama unywele. Inakuja kukatika miezi mitatu baadaye upepo ukikaza. Mimi nilishawahi kuikuta kwenye boti yangu mwenyewe, niliipitisha ukucha pale kwenye uzi nikasikia unakwaruza, nikaifungua ikaachana mkononi. Tangu hapo kabla ya kuvuta nazunguka naangalia moja moja kwa mkono, na nikishavuta nusu nasimama naangalia tena. Na kabla ya yote angalia juu! Nyaya za umeme karibu na sehemu za kushushia boti zimeua watu, mlingoti ni alumini na mikono yako iko kwenye chuma. Simamisha pale ambapo kuanzia hapo mpaka majini hakuna waya hata mmoja unaopita juu.

Usukani kwa ufupi. Wa boti hizi unakunjika juu usigonge chini, ni mzuri, ila bapa lake lazima lishuke mpaka mwisho na lifungwe. Likibaki limerudi nyuma hata nyuzi 20 mkono wa usukani unakuwa mzito balaa, boti inataka kugeukia kwenye upepo muda wote, na mtu anaanza kulaumu matanga au mchoraji. Nimeona mtu ameuza boti kwa ajili hiyo, kumbe kamba ya kushushia bapa ilikuwa imelegea.

Injini usinunue kubwa. Boti inayopasua maji bila kuyapanda juu yake ina mwendo wake wa mwisho unaotegemea urefu wa sehemu inayogusa maji. Chukua urefu huo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43, unapata mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Kwa mita 5.5 ni kama noti 5.7. Hapo nguvu farasi 5 au 6 zinatosha, ukiweka 20 utachoma mafuta na shetri itakaa chini ndani ya maji lakini mwendo ni uleule. Zipo boti za tangi la maji zilizochorwa zipande maji kwa injini ya nguvu farasi 50, MacGregor 26X na 26M ni za namna hiyo, na kwenye tanga zinalipia hilo. Chagua injini yenye mguu mrefu, ili wimbi likiinua shetri feni isitoke nje ya maji ikaanza kulia.

Kwa ajili ya watoto angalia sehemu ya kukaa nyuma inatoa maji yenyewe au la, mwaga ndoo mbili uone yanaenda wapi. Mlango wa chumba uwe na mbao za kuziba kutoka chini, na ule ubao wa chini ukae mahali pake upepo ukikaza hata kama unakera kuuruka. Na uliza kama kuna povu la kuelea limefungiwa ndani ya boti. Za tangi la maji nyingi wanaweka, manake kwa sababu hazina chuma povu kidogo tu linatosha zisizame hata zikijaa, hilo ni jambo moja ambalo boti yako itaizidi ile ya chuma, na kwa mtu mwenye watoto kwangu lina uzito mkubwa. Kwa boti za Ulaya kuna herufi kwenye kibati, C inamaanisha upepo mpaka daraja la 6 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort na mawimbi mpaka mita 2, D ni maji tulivu tu. Ukiikuta D usiende nayo mahali pa wazi.

Trela ikague kama unavyokagua boti, wengi wanaipita. Beringi za magurudumu ndo zinaharibu safari. Umetoka barabarani kitovu cha gurudumu kimepata moto, ukakizamisha kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji ya chumvi yanapita kwenye sili, grisi inageuka rangi ya maziwa, na baada ya wiki mbili beringi imeoza. Kwa hiyo ukifika subiri, simamisha mlingoti kwanza, panga vitu, vitovu vipoe ndo uzamishe. Na njiani kila ukisimama weka kiganja kwenye kila kitovu. Vikiwa vuguvugu endelea, kimoja kikikuunguza mkono kuliko vingine usiendelee hata kilometa moja. Mimi nilishawahi kupuuza, nikaona gurudumu langu mwenyewe linanipita barabarani, nikashukuru Mungu hakukuwa na mtu mbele.

Kabla hujalipa ile ya tangi, omba mshuke nayo majini. Jazeni tangi mguse maji kwa kidole, fungeni, halafu kaeni nayo saa nzima. Ondoa magodoro yote, fungua vibao vya sakafuni na chini ya vitanda, pitisha karatasi kavu kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya boti, na kwenye viungo vya tangi. Ikilowa, onja kwa ncha ya ulimi kama mko baharini, chumvi inakuambia maji yametoka kwenye tangi au nje, yasiyo na chumvi ni mvua au jasho la boti tu. Halafu pale gatini, chumba kimefungwa, hamna mtu ndani na injini imetolewa, funga kamba juu ya mlingoti kwenye henza, ile kamba ya kupandishia tanga, wewe na muuzaji mvute taratibu mkiwa juu ya gati mpaka boti ilale nyuzi 50, 60, halafu legezeni kidogo kidogo. Utasikia kwenye mikono yako mwenyewe inavuta kurudi au imelegea. Muuzaji akikataa hilo jaribio mrudishie funguo zake, utafute nyingine.